Inua Ulimi

Kama umekaa kwenye lile benchi la nje, kando ya dirisha, mahali wanapokaa wenye kikohozi, haya nimeyaandika kwa ajili yako. Benchi hilo nalijua. Najua lilipopasuka, na linavyong'ang'ania kanga ya mtu akiinuka kwa haraka. Nimelikalia wakati wa vumbi, nimelikalia masika, nimelikalia kwenye baridi ya Juni mpaka meno yakagongana, yale machache yaliyobaki. Leo nimepona. Nesi wa kliniki ya kifua ameniomba nieleze ilivyokuwa ili awasomee wanaosubiri, maana anasema wakiyasikia kwake wanaona ni maneno ya kazi tu. Nimekubali, ila nimemkataza mkwe wangu, ambaye ni mwalimu, asinisahihishe hata nukta. Mimi kuandika nilijifunzia kwenye madarasa ya watu wazima, mtoto mgongoni, na mwandiko wangu umepinda. Mtauvumilia.

Naitwa Agata. Ni Mngoni niliyeolewa Lusewa, nikazaa huko, nikafiwa na mume huko, nikazeekea huko. Miaka ile biashara ilikuwa imefunguliwa. Chama cha ushirika kilikuwa kimelala usingizi, na watu binafsi walikuja na magari yao kununua mahindi na tumbaku mpaka mlangoni kwa mkulima. Kila mtu alipanua shamba. Nami, ajuza wa miaka sitini na tisa, sikutaka kubaki nyuma. Nilikausha tumbaku yangu mwenyewe kwenye bani, kile kibanda cha kukaushia, nikichochea moto na kuamkia kwenye moshi. Nikaanza kukohoa. Lakini nani anakausha tumbaku asikohoe? Nikasema ni moshi, msimu ukiisha kitaisha.

Msimu ukaisha, kikohozi kikabaki. Mahindi yakavunwa, kikohozi kipo. Asubuhi nilikuta shuka limelowa jasho kama nimelala mvuani. Kanga iliyokuwa ikinizunguka mara moja ikaanza kunizunguka mara mbili. Siku moja nachota maji, pete yangu ya ndoa ikateleza kidoleni ikaanguka ndooni, nikakaa chini nikaitazama pale chini ya maji, nikajua kwamba mimi naondoka.

Majirani nao walikuwa na lao. Wakasema bibi Agata kapata huu ugonjwa wa siku hizi. Niliposikia, nilicheka mpaka nikapaliwa. Mjane wa miaka kumi na moja, nimeupatia wapi, kwenye jembe? Lakini jioni nilipoona kwamba hakuna aliyekuja kuomba moto kwangu kama zamani, sikucheka tena.

Aliyeniokoa kwanza ni binti yangu Skola. Yeye alikuwa amepunguzwa kazi ofisini hapo Songea, akaingia kwenye mitumba. Alikuwa akipanda basi alfajiri na furushi lake, leo mnada huu, kesho mnada ule, Namtumbo na vijiji vyake vyote. Siku hiyo alipitia Lusewa kunisalimu. Alisimama mlangoni akanitazama, hakusema shikamoo. Akaingia ndani akaanza kufunga nguo zangu.

"Skola, unafanya nini? Kuku nitamwachia nani?"

"Kuku watajijua, mama. Twende."

Hivyo nikafika Songea, nyumbani kwa mkwe. Na hapo ndipo hasa kisa changu kinapoanzia, kwa hiyo mnisikilize vizuri.

Kwetu sisi wa zamani, mkwe ni mtu wa kuonwa kwa mbali. Mwanamume aliyemuoa binti yako humtazami usoni. Mkikutana kwenye njia nyembamba, mmoja anaingia majanini. Huli mbele yake, hupigi miayo mbele yake, humfumbulii mdomo ukaonyesha ulicho nacho ndani. Na maneno ya mwili, yale ya chooni na ya kitandani, hayatamkwi mahali ambapo nyote wawili mnasikia. Akiyatamka mtu mwingine, nyote mnaondoka. Hiyo siyo chuki. Ni heshima kubwa kuliko zote, kwa sababu huyo ndiye anayemtunza mwanao.

Mkwe wangu, Mwalimu Yona, ni mtu wa Singida. Nilidhani mtu wa mbali hatayajua mambo haya, lakini Skola alimfundisha, na yeye akayashika kuliko hata vijana wetu wa hapa. Miaka minne tangu amuoe mwanangu nilikuwa sijawahi kuuona uso wake vizuri. Nilimjua kwa viatu. Alinisalimu akiwa uani, "Shikamoo mama," nami nikaitika "Marahaba baba" nikitazama ukuta.

Basi sasa fikirini: nyumba ya vyumba viwili na sebule, mimi mgonjwa, na Skola hayupo asubuhi nyingi. Nilipewa chumba cha mwisho, chenye dirisha kubwa, na mlangoni pakawekwa pazia la kitenge. Mjukuu wangu wa miaka miwili, somo yangu, Agata mdogo, akakatazwa kuvuka pazia hilo. Nilimsikia akiita "Bibi! Bibi!" upande wa pili, na mama yake akimvuta.

Hospitali walinipima makohozi, wakapiga picha ya kifua, wakasema ni kifua kikuu, na kwamba kinatibika. Dawa ni za miezi minane, kila siku, bila kuruka, na hazilipiwi. Hawakunilaza. Lakini walitaka mtu wa nyumbani anayejua kusoma, anayekuwepo kila asubuhi, awe msimamizi wangu. Kazi yake ni kunitazama nikimeza, kisha kuweka alama ya vema kwenye kadi. Tulikuwa wawili tu siku hiyo mbele ya nesi, mimi na Mwalimu. Skola alikuwa Namtumbo.

"Msimamizi ni nani?" nesi akauliza.

Mwalimu akasema kwa sauti ndogo, "Nadhani ni mimi."

Nesi huyo ni Mhehe, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuitia ng'ombe. Alipojua mimi ni Mngoni akafurahi kweli kweli, maana Wahehe na sisi ni watani tangu mababu walipopigana wakachoka. "Kumbe mtani wangu! Mlitukimbia kwenye vita, leo umeletwa mwenyewe kwa miguu yako." Nilitaka kumjibu lakini kikohozi kikanizuia. Akahesabu vidonge, akaviweka kwenye pakiti, kisha akasema, "Sasa sikilizeni wote wawili. Mama, ukianza dawa hizi, mkojo wako..."

Sikusubiri. Alipotamka neno hilo mbele ya mkwe wangu niliinuka na udhaifu wangu wote, nikavuta kanga masikioni, nikatoka. Mlangoni nikagongana bega na Mwalimu, maana naye alikuwa anatoka. Yeye akasimama kulia akitazama mlingoti wa bendera, mimi nikasimama kushoto nikitazama mashimo ya ukuta. Ndani nesi alikuwa bado anasema. Nikamsikia akiita, "Nyie, mbona mnakimbia? Mnataka kutema?" Tulipoona kimya, tukarudi, mmoja mmoja.

"Mmeelewa?" akauliza.

"Ndiyo," nikasema.

"Ndiyo, sista," Mwalimu akasema.

Ndiyo hizo mbili nusura zinizike.

Tulipangiana hivi, kwa kupitia Skola. Asubuhi, kabla Mwalimu hajaenda shule, ataketi kiti cha sebuleni, mgongo wake ukiwa kwenye pazia. Mimi nitakuwa ndani na vidonge na kikombe changu cha bati. Nikimeza, nitagonga kikombe kwa kijiko mara mbili. Akisikia, ataweka vema kwenye kadi kwa kalamu yake nyekundu ya kusahihishia. Kila mtu heshima yake ilikuwa salama. Nilimshukuru Mungu kwa mkwe mwenye akili kama huyo.

Siku ya kwanza nilimeza, nikagonga. Mchana nikaenda chooni, na nilichokiona kilinifanya nishike ukuta. Nilikuwa nakojoa wekundu.

Wanawake wenzangu mtanielewa. Damu ilikuwa imeniaga zaidi ya miaka ishirini. Nikajiambia: imerudi. Damu kumrudia mwanamke mzee, kwetu, ni jambo baya lisilotajwa. Mkwe hawezi kuambiwa, hilo halina mjadala. Na hata binti yako wa kumzaa huwezi kumwambia hilo. Hayo ni ya shangazi na nyanya, na wangu wote walikwisha lala chini ya udongo. Siku ya pili nikameza, wekundu ukazidi. Siku ya tatu sikumeza. Niligonga kikombe mara mbili, nikavifunga vidonge kwenye pindo la kanga. Baada ya siku moja wekundu ukaisha.

Mnaona? Nilikuwa nimefanya uchunguzi wangu na kupata jibu. Dawa ndiyo inayonipasua ndani. Nataka nieleweke: sikutaka kufa. Nilitaka kuishi mpaka nikaogopa dawa. Kila asubuhi niligonga kikombe, ting, ting, na kila asubuhi nilisikia kalamu ya Mwalimu ikikwaruza. Ijumaa akitoka shule alipitia kliniki kuchukua vidonge vya wiki inayofuata, akanipa kwa mkono wa Skola, nami vile vya nyuma nikavisokomeza kwenye mto, ndani ya sufi, nikaushona tena.

Mvua za kwanza zikanyesha. Kikohozi kilirudi kwa hasira, safari hii kikiwa na damu ya kweli, ile ya kifuani. Skola alikuwa akininunulia maini, nami nashindwa hata kunusa. Usiku nilimsikia akimuuliza mume wake, "Kwa nini dawa haimsaidii?" na yeye akajibu, "Sijui. Anakunywa kila siku. Nasikia mwenyewe." Nikavuta shuka kichwani. Nilijiona mwizi katika nyumba ile.

Ilikuwa karibu na Krismasi tuliporudi kupimwa makohozi. Tulikaa kwenye benchi kutwa nzima. Mama mmoja wa Namtumbo, mgonjwa mwenzangu aitwaye Devota, alinigawia uji wake kwenye kifuniko cha chupa ya chai, akanisogeza mahali ambapo jua la asubuhi halifiki. Mwalimu alisimama mbali, chini ya ukingo wa paa, mvua ya mchana ikimrushia matone surualini. Tukaitwa.

Nesi alikuwa ameshika majibu mkono mmoja na kadi mkono mwingine. Hakutania. "Wadudu bado wamejaa. Kama hajawahi kumeza hata kimoja." Akaigeuza kadi kwa Mwalimu. Vema nyekundu zilikuwa zimejaa, safi, zimepangwa kama askari. "Mwalimu, hizi umeziweka kwa kuona au umezijaza siku moja ukiwa umekaa?"

Mwalimu akaitazama kadi.

"Nakuuliza. Ulimwona akimeza?"

"Sikumwona, sista."

"Msomi mzima! Unafundisha watoto wa watu! Mama anakufa mikononi mwako na wewe unachora vema!"

Mlango ulikuwa wazi. Benchi zima lilikuwa limenyamaza likisikiliza. Nilitazama vile viatu ninavyovijua, vimelowa tope, vimesimama pamoja kama vya mwanafunzi aliyechelewa. Angeweza kusema, "Ni mila yao, siruhusiwi kumtazama." Lingekuwa neno la kweli na la haki. Akasema tu, "Kosa ni langu. Sikuangalia."

Hapo kitu kikanikatika moyoni. Heshima gani hii ambayo mwenye haki anapigwa nayo na mwenye kosa amejifunika kanga?

"Siyo yeye," nikasema.

Nesi akanigeukia. Nikafungua pindo la kanga. Vidonge vya wiki ile vikamwagika mezani kimoja kimoja, kimoja kikabingirika mpaka kwenye wino. Kisha nikainua macho na kwa mara ya kwanza nikamtazama mkwe wangu usoni. Ana kovu dogo juu ya nyusi. Nilikuwa sijui. Nikamwambia, "Baba, nisamehe. Ni mimi. Nilikuwa nagonga kikombe kitupu."

"Kwa nini, mtani?" nesi akauliza, na sauti yake sasa ilikuwa ndogo.

Niliomba Mwalimu atoke. Alipotoka nikamwambia nesi sikioni yote, wekundu na damu na aibu yangu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaanza kutikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, machozi yanamtoka, ameshika meza kwa mikono miwili.

"Bibi wewe! Hiyo ni rangi ya dawa! Kila anayekunywa anakojoa hivyo! Ndicho nilichokuwa nawaambia siku ile mkakimbia kama mmeona simba!"

Nami nikacheka. Nikacheka nikakohoa, nikakohoa nikalia. Miezi miwili! Nilikuwa nimekaribia kujizika kwa ajili ya neno moja nililokataa kulisikia.

Akanifuta uso, akawa mkali tena. Dawa zianze upya, siku ya kwanza, kadi mpya. "Na huyu mkwe atakutazama kwa macho. Utafungua mdomo, utainua ulimi, aone hakuna kitu chini yake."

"Haiwezekani," nikasema. "Kuna njia ya kuondoleana haya, lakini inataka wazee, inataka kaka yangu aje, inataka kuku..."

"Kaka yako wa nini? Mimi nipo. Mimi ni nani kwako?"

"Mtani."

"Mtani anazika, mtani anaosha, mtani anaingia asipoingia mtu mwingine. Mwalimu! Rudi ndani!"

Akatoa glavu mpya kwenye boksi, zile zenye poda nyeupe ndani, akazikung'uta kiganjani. Kule kwetu ingekuwa unga. Akanipaka mimi kwenye paji la uso, akampaka Mwalimu, ambaye alikuwa ameduwaa kama ndama. Akamimina maji kwenye vikombe viwili, kila mmoja na chake, akatuamuru tunywe tukitazamana. "Leo mimi Mhehe nimewaondolea haya hawa. Mwenye maneno aje kwangu. Na faini yangu ni kuku, jogoo, siyo tetea aliyechoka." Benchi lote nje likapiga makofi. Kuna mtu alipiga hata kigelegele, akakatizwa na kikohozi.

Nyumbani hakukuwa na kigelegele. Skola alipasua mto kwa wembe, vidonge vikamwagika kitandani pamoja na sufi. Akavitazama. "Mama, Agata analala chumba cha pili. Ulitaka kutuua sote?" Nikainama nikaanza kuokota sufi. Siku nne hakunisemesha. Lakini uji wangu ulikuja kila asubuhi, na ulikuwa na karanga. Siku ya tano aliniletea sweta kutoka kwenye furushi lake la mitumba, zito, rangi ya bluu, aliyelivaa kwanza alikuwa jitu, mikono yake inafika magotini. "Lilikuwa na wateja," akasema. "Nimewanyima." Nikajua nimesamehewa.

Asubuhi ya kwanza pazia lilifungwa kando. Mwalimu alikaa mbele yangu, safari hii uso kwa uso. Niliweka kidonge ulimini, nikanywa maji, nikameza. Kisha nikafungua mdomo. Mimi, mama mkwe, nikamfumbulia mkwe wangu mdomo wenye mapengo mengi na jino moja bovu.

"Inua ulimi, mama," akasema.

Nikainua. Akaangalia kama anavyoangalia daftari la mtoto, kwa makini, bila kucheka. Akaweka vema. Kisha sote wawili tukatazama sakafu.

Tulifanya hivyo kila asubuhi kwa miezi minane. Nitawaambia ukweli, siyo miezi rahisi. Viungo viliniuma, kichefuchefu kilinishika, na vidonge vingine ni vikubwa kama vya kumpa ng'ombe. Wekundu niliuona, nikausalimu kama jirani. Na siku moja ya Januari, mvua inapiga bati, nikasikia kitu tumboni ambacho nilikuwa nimekisahau. Ilikuwa njaa. Nikamwita Skola nikamwambia, "Nina njaa," naye akaacha kila kitu akaja kusimama mlangoni, mwiko mkononi, akilia.

Mwezi wa tatu mahindi mabichi yalifika, nikala mawili ya kuchoma kwa mkupuo mmoja, upande wenye meno. Makohozi yakapimwa, hakuna wadudu. Siku hiyo Agata mdogo alivuka pazia. Alinikalia mapajani akanichunguza, akauliza kwa nini bibi ana sweta la baba. Nilipimwa kwenye mizani kliniki: kutoka kilo thelathini na tatu nilikuwa nimefika arobaini na moja. Pete ilianza kukaa kidoleni, kwa kuifunga uzi.

Sasa Devota, yule mama wa uji. Yeye alianza kupona kabla yangu. Mwezi wa pili tu alikuwa amenenepa, anacheka, akasema anakwenda kuvuna tumbaku yake, dawa atazimalizia akirudi. Nilimwambia asiende. Akasema, "Dada Agata, mgonjwa ni anayeumwa. Mimi nimepona." Alirudishwa wakati wa baridi, amelazwa kwenye tela la trekta. Nilimgawia uji, kwa kifuniko kile kile, lakini hakuweza kumeza. Hakufika mwisho wa Julai. Namtaja hapa kwa sababu alinisogeza kivulini siku ambayo hakuna aliyenijua, na kwa sababu wewe uliyekaa kwenye benchi labda leo umejisikia vizuri na una tumbaku inayokungoja. Tumbaku haijawahi kumzika mwenye shamba.

Dawa yangu ya mwisho niliimeza mwezi wa nane, vumbi limeanza tena. Mwalimu aliweka vema, akaigeuza kadi, hapakuwa na nafasi nyingine. Hatukujua la kufanya. Akasema, "Umefaulu, mama." Tulimpelekea nesi jogoo wake. Akamshika mbawa, akampima kwa mkono, akasema Wangoni ni wachoyo, huyu ni mwepesi. Akanikumbatia mbele ya watu wote.

Watu wananiuliza nilivumilia vipi. Wakitaka niseme nilikuwa na moyo wa chuma, siwezi. Mwoga mimi, mmesikia wenyewe. Wahenga walisema mficha uchi hazai, nami nilikuwa nikiusema usemi huo kwa wengine tangu ujana wangu. Nilichofanya ni kimoja tu: baada ya kukosea, niliamka kila asubuhi nikafungua mdomo mbele ya mtu. Mtafute wako. Awe mume, awe jirani, awe huyo unayemwonea haya kuliko wote duniani. Na nesi akianza kusema neno la aibu, kaa kitini.

Nilirudi Lusewa, kuku wangu nikawakuta wawili kati ya tisa. Majirani walirudi kuomba moto. Tumbaku niliiacha, nalima mahindi na karanga.

Mvua zilizofuata nilikwenda Songea kuwatembelea. Nikamkuta Mwalimu amelala kwenye kochi, malaria imemshika, meno yanagongana. Skola alikuwa mnadani. Vidonge vya klorokwini vilikuwa mezani, na mtu yeyote aliyewahi kuvinywa anajua uchungu wake na muwasho unaofuata, mtu anajikuna mpaka anatamani ukuta. Nikamletea maji kwenye kile kikombe cha bati. Akaweka kidonge mdomoni, akanywa, akakunja uso.

"Tayari, mama. Nimemeza."

Lakini neno la mwisho lilitoka limepinda kidogo, kama mtu anayesema huku ameficha pipi.

Nikavuta kiti, nikakaa mbele yake, uso kwa uso.

"Baba," nikasema, "inua ulimi."

Akanitazama. Akatazama mlango. Kisha akainua, na kidonge kilikuwepo, cheupe, kimejibanza pale chini. Tulicheka mpaka homa ikamsahau kwa muda. Akanywa tena, akameza kweli, akafungua mdomo bila kuambiwa. Nikachukua kalamu yake nyekundu kwenye mfuko wa shati lililotundikwa, nikaenda kwenye kalenda ya ukutani, nikamwekea vema.